Hesabu ya Blanketi la Viraka

Machochwe ni kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na usiku wake si wa joto. Uso wa Ziwa Victoria, mahali pa chini kabisa katika Mkoa wa Mara, uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Machochwe na milima ya Tarime ng'ambo ya mto Mara ziko juu zaidi ya hapo, na kati ya Juni na Agosti mtoto asiye na blanketi hulala amejikunyata. Wakati huohuo, kila palipo na fundi cherehani pana kiroba cha mabaki ya vitambaa. Wazo linakuja lenyewe: mabaki hayo yashonwe yawe mablanketi, kwanza ya watoto wa nyumbani, kisha ya watoto wenye shida. Tulifuate wazo hilo hatua kwa hatua tuone linasimama wapi na linayumba wapi.

Tuanze na majina ya sehemu. Blanketi la viraka lina matabaka matatu. La juu ni uso, yaani vipande vilivyounganishwa. La katikati ni ujazo, kitu chochote laini kinachoongeza unene. La chini ni bitana, kitambaa kimoja kizima kinachofunika ujazo, kama ilivyo bitana ya koti. Mshono ni mstari unaounganisha vipande viwili vya uso. Bandi ni mshono wa muda, mrefu na mlegevu, wa kuzuia matabaka yasiteleze wakati wa kazi. Kudarizi, kwa matumizi ya makala hii, ni kupitisha sindano katika matabaka yote matatu kwa pamoja. Pindo ni ukingo uliokunjwa na kushonwa.

Bitana nafuu kuliko zote ni khanga kuukuu. Khanga moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban 110, na imekwisha kulainika kwa kufuliwa. (Isomwe kwanza jina lake. Baadhi ya khanga zilinunuliwa kumpiga kijembe mke mwenza, na hayo si maneno ya kumfunika nayo mtoto.) Kwa hesabu zitakazofuata tuchukue blanketi la sentimita 105 kwa 150, kipimo kinachokaa juu ya khanga moja na kumtosha mtoto wa shule ya msingi.

Blanketi halizalishi joto. Joto hutoka mwilini mwa mtoto, na kazi ya blanketi ni kulichelewesha lisipotee. Kinachochelewesha zaidi ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi na katikati ya matabaka, kwa kuwa hewa isiyosogea hupitisha joto kwa shida sana. Ndiyo maana sweta zito lililovaliwa mpaka likashikana na kuwa gumu huwa na baridi kuliko jepesi lenye manyoya: hewa imetoka. Mtoto naye ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima anayelala chumba hichohicho.

Lipo jambo jingine ambalo husahaulika. Mtoto anayelala juu ya mkeka, au juu ya godoro la sponji lililokwisha kubonyea, hupoteza joto kwa chini pia, kwenye udongo au saruji. Uzito wake mwenyewe hubana kilicho chini yake na kuifukuza hewa. Blanketi la pili juu yake halimsaidii hapo. Tandiko la chini ndilo linalomsaidia. Tutalirudia hili mwishoni, kwa sababu linabadilisha kitu cha kushona kwanza.

Sasa tufungue kiroba cha fundi. Kilichomo si miraba. Kuna vipande vya mwezi mchanga vilivyotoka kwenye mkato wa kwapa, pembetatu za shingo, na kanda ndefu nyembamba zilizobaki pembeni baada ya sketi kukatwa, nyingine bado zina ukingo wa kiwandani usiochanika nyuzi. Rangi zinazoongoza ni mbili, bluu na nyeupe, kwa sababu kazi kubwa ya fundi wa senta ni sare za shule za msingi. Katikati yake kuna vitenge vya magauni ya sherehe, kipande kimoja kimoja, vikali kwa rangi. Chini kabisa kuna vumbi la nyuzi.

Kuchambua huja kabla ya kukata. Kipande kinashikwa kwa mikono miwili na kuvutwa: kikilia na kuachia, hakifai hata kama rangi yake inapendeza. Kinainuliwa kuelekea mwangani: kinachopitisha mwanga kama chandarua kitachanika kwenye mshono wa kwanza. Uzi mmoja unachomolewa na kuchomwa. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Wa poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Hili si udadisi tu. Nyumba inayotumia kibatari au moto wa kuni karibu na kitanda ina sababu ya kuziweka poliesta tupu kando, kwa kuwa kitambaa kinachoyeyuka hugandia ngozi. Mwisho, kila kipande cha kitenge kipya kinalowekwa pamoja na kitambaa cheupe. Cheupe kikibadilika rangi, kitenge hicho kifuliwe mpaka kikome kutoa rangi, au kiachwe.

Mwelekeo wa nyuzi nao una maana. Kitambaa kilichofumwa kina mtande, nyuzi za urefu, na mshindio, nyuzi zinazoukatiza. Ukikivuta kufuata mtande hakirefuki kirahisi. Ukikivuta hanamu, yaani kimshazari, kinarefuka. Vipande vya kwapa na shingo vina kingo nyingi za hanamu, na vikiunganishwa hivyohivyo uso hujikunjakunja kama sambusa iliyokaangwa vibaya. Ama vikatwe upya kufuata nyuzi, ama vishonwe juu ya kitambaa kingine kilichotulia.

Tufike kwenye hesabu yenyewe, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha suala zima. Watu husema mabaki ni ya bure. Kitambaa, ndiyo. Lakini kila mshono hula kitambaa, uzi na muda, na wingi wa mishono hutegemea ukubwa wa vipande. Tuchukulie kwamba mshono unaficha sentimita 1 ya kitambaa kila upande, na kwamba vipimo vya vipande ni vile vinavyoonekana baada ya kushonwa.

Ukishona blanketi letu kwa vipande vikubwa vya sentimita 35 kwa 30, unahitaji vipande 15 tu, na mishono yote ya uso ukiipanga mstari mmoja ina urefu wa mita 7.2. Ukitumia miraba ya sentimita 15, unahitaji 70, na mishono inakuwa mita 18.45. Ukishuka hadi miraba ya sentimita 7.5, unahitaji 280, na mishono inafika mita 39.45. Kitambaa kinachofichwa ndani ya mishono na pembeni nacho kinapanda: katika vipande vikubwa ni kama sehemu 11 kwa kila 100 za kitambaa ulichokata, katika miraba ya 15 ni 22, na katika miraba midogo ni karibu 38. Kwa maneno mengine, anayeshona miraba midogo hukata karibu mita nzima ya mraba ya kitambaa ambayo hakuna atakayeiona.

Uzi ndio unaonunuliwa. Cherehani hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, na kila mita ya mshono hula takriban mita 2.5 hadi 3 za uzi. Uso wa vipande vikubwa utakula kama mita 20. Uso wa miraba midogo utakula mita 100 na zaidi, kabla hujadarizi wala kushona pindo. Hivyo yule mama anayesema, "Hata kakipande kadogo sikatupi," anaokoa kitambaa cha bure kwa kutumia uzi wa kununua. Kipande kidogo kuliko kiganja kina kazi nyingine: kukatwakatwa kiwe ujazo wa mto.

Je, zile kanda ndefu? Hapo ndipo kiroba cha fundi kinapotoa faida. Kanda za upana wa sentimita 10.5 zikiunganishwa ncha kwa ncha hadi zifike urefu wa blanketi, kumi zinatosha upana wote, na mishono mirefu ni tisa tu: mita 13.5, ukiongeza na ile mifupi ya ncha. Mishono hiyo ni ya kunyooka, haihitaji pembe kukutana, na anayejifunza cherehani anaweza kuishona bila kuharibu kitu. Umbo la mabaki na umbo la kazi vinalingana, na hilo ni nadra.

Ipo njia isiyohitaji cherehani kabisa, na walioikamilisha ni ndugu zetu wa mbali. Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mablanketi kwa nguo kuukuu za familia, mengi yakiwa ya watoto na wajukuu. Hawashoni uso kwanza. Hutandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari ya zamani, kisha huanzia ukingoni na kupanga vipande huku wakivishona kwa mkono moja kwa moja mpaka chini, wakizunguka kuelekea katikati. Pembe nne humalizwa kwa vipande vya pembetatu vilivyokunjwa, wanavyoviita maua. Mwaka 2004 baadhi yao walianza kushona kwa pamoja katika ushirika, kwa msaada wa mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, Henry Drewal, na kazi zao zikaanza kuonekana nje ya vijiji vyao.

Ubora wa njia hiyo ni kwamba mshono mmoja hufanya kazi tatu: unaunganisha vipande, unashika ujazo na unafunga bitana. Kipande hakihitaji kuwa mraba. Mwezi mchanga wa kwapa hupata nafasi yake. Gharama iko kwenye saa. Mistari ikiachana kwa sentimita 3, blanketi letu lina mita 52.5 za mshono wa mkono. Tukichukulia dakika 10 kwa kila mita, hiyo ni karibu saa tisa. Bibi aliyekaa barazani, mwenye mikono isiyopenda kukaa bure, huzitoa saa hizo jioni hadi jioni bila kuzihesabu. Mama anayelima, anayechota maji na kutafuta kuni, hana pa kuzitoa.

Turudi kwenye ujazo, kwa sababu ndio unaoamua umbali wa mistari ya darizi. Pamba inalimwa Bunda na Serengeti, na mtu anaweza kudhani kwamba ndiyo bora. Sufi pia huvutia, maana ni nyepesi na ina hewa nyingi. Lakini vyote viwili ni vitu vilivyo huru: vikifuliwa hukusanyika pembeni na kufanya mabonge, isipokuwa vimedariziwa kwa mistari iliyo karibu karibu, na hapo uzi na saa vinapanda tena. Blanketi lililochakaa, au sweta za mitumba zilizofumuliwa mishono na kutandazwa, ni tabaka lililoshikana. Halitembei. Linaweza kudariziwa kwa mistari inayoachana kwa kiganja kizima, au kufungwa tu kwa mafundo ya uzi mnene hapa na pale. Sponji iliyosagwa na mifuko ya viroba viachwe: hiyo ya kwanza hukaa na maji, na ya pili hupiga kelele mtoto akigeuka.

Kufua ndiko kunakofichua kosa la mshonaji. Mtoto mdogo hukojoa kitandani. Hilo si aibu, ni sehemu ya hesabu. Blanketi nene la pamba likilowa ni mzigo wa watu wawili kulikamua, na wakati wa masika linaweza kukaa siku kadhaa kwenye kamba bila kukauka ndani. Tabaka lenye unyevu halicheleweshi joto ipasavyo, kwa kuwa maji yamechukua nafasi ya hewa. Kwa sababu hiyo mablanketi mawili membamba yana nafuu kuliko moja nene: moja linafuliwa jingine linatumika, na usiku wa baridi kali yote mawili yakiwekwa pamoja hubana tabaka la ziada la hewa katikati yao.

Kunguni nao wana neno. Hujificha kwenye mikunjo na mishono, na uso wa viraka una mishono mingi kuliko shuka lolote. Maji ya moto na jua kali husaidia, lakini ni kwa blanketi linaloweza kuvumilia maji ya moto bila kutoa rangi wala kusinyaa upande mmoja. Hapo ndipo ile kazi ya kuloweka kabla ya kukata inapolipa.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja tumweke kando. Kitambaa kizito kilichofunikwa kilegevu juu ya mtoto mchanga kinaweza kumziba pua, naye hana nguvu ya kukiondoa. Kwa mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo, Shirika la Afya Duniani linashauri akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na hakuna mshono unaoshinda hilo. Kiblanketi cha viraka kwa umri huo kiwe cha kumlalisha juu yake mchana, akiwa anaonekana.

Hadi hapa tumezungumzia blanketi. Tumzungumzie sasa anayelipokea. Nyumbani, mshonaji anakijua kitanda, anajua nani hukojoa, anajua kama chumba kina kibatari. Blanketi likichanika yupo wa kulitia kiraka kingine. Mtoto wa mbali ana mahitaji yaleyale, lakini mshonaji hayajui.

Katika eneo hili kundi mojawapo la watoto wenye shida linajulikana kwa jina na kwa majira. Ni wasichana wanaokimbia ukeketaji, ambao Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, kuna nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly. Upande wa Tarime kuna kituo cha Masanga. Msimu wa ukeketaji, ukishatangazwa na wazee wa mila wa koo, huangukia likizo ya Desemba. Msichana huondoka usiku na nguo aliyovaa. Nyumba hujaa ndani ya siku chache, kisha wengine hurudi makwao baada ya mazungumzo na wazazi, na wengine hubaki kwa kuwa hakuna pa kurudi.

Tazama jinsi majira mawili yanavyogongana. Desemba na Januari ndio wakati viroba vya mafundi vimejaa kuliko wakati wowote, kwa nguo za Krismasi na sare za shule zinazofunguliwa Januari. Ndio pia wakati nyumba salama zimejaa. Lakini ni wakati fundi hana hata dakika ya kushona kitu kisicholipiwa. Anayesubiri uhitaji uonekane ndipo aanze kushona amekwisha kuchelewa. Mabaki ya Januari ni ya mablanketi ya Juni, na ya Desemba inayofuata. Viroba vikae pakavu, juu ya kichanja, maana panya huyapenda mabaki kuliko mtu yeyote.

Kuna heshima ya mpokeaji pia. Kiraka kwenye nguo bado ni alama ya ufukara, na msichana wa bweni akitandika blanketi lililoshonwa ovyo ovyo atachekwa. Dawa yake haina gharama: mpangilio. Kanda za kitenge zikitenganishwa kila mara na ukanda wa bluu ya sare, jicho huona kitu kilichokusudiwa. Mabaki yaleyale yakipangwa bila utaratibu huonekana kama mabaki.

Sasa tunaweza kupima. Ukinunua bitana mpya, ukanunua ujazo, ukanunua uzi na kumlipa fundi, blanketi la mtumba la mnadani litakushinda kwa bei, na huenda kwa joto. Mwenye fedha ya msaada mkononi na haraka ya kuwafunika watoto aende mnadani. Sioni sababu ya kumlaumu. Blanketi la viraka linashinda pale tu ambapo karibu kila kitu chake hakina matumizi mengine: khanga iliyokwisha kuvaliwa, blanketi lililochanika, kanda za fundi, na saa za mtu ambaye angezikalia. Nyumba yenye bibi ni mahali pa namna hiyo. Nyingine ni darasa la ushonaji, kwa sababu anayejifunza cherehani lazima ashone mita nyingi za mstari ulionyooka kabla hajagusa kitambaa cha mteja, na uzi wake umekwisha kuhesabiwa kwenye mafunzo. Wasichana wanaobaki nyumba salama na kujifunza cherehani wanazihitaji mita hizo, bila kujali zinaishia kwenye kitu gani.

Kwa darasa kama hilo, naona kazi ianze na matandiko ya chini kabla ya mablanketi. Tandiko halionekani, hivyo mshono uliopinda haumwaibishi mtu. Linavumilia vipande vya rangi yoyote na ujazo mgumu kidogo. Na kwa mtoto anayelala karibu na saruji linazuia joto lisipotee pale ambapo blanketi la juu halifiki. Matandiko yakitosha vitanda vyote, ndipo waanze mablanketi ya kujifunika, membamba, mawili mawili kwa kila mtoto.